Kilemba Juu ya Debe

Mwezi uliopita walimuaga Mwalimu Yunisi katika ukumbi mdogo pale Utemini, mjini Singida, nyuma ya maduka ya mabati na misumari. Amestaafu na anarudi kwao Kintinku. Wanafunzi wake wa zamani walichanga, wakakodi viti, wakaniomba mimi nipike. Nilipika pilau, kuku wa kienyeji na ugali wa uwele kwa mlenda, kwa sababu nilijua pilau ataila kwa adabu na mlenda ataula kwa hamu. Baada ya chakula watu waliitwa mmoja mmoja kusema neno. Alisimama daktari wa mifugo, akasimama fundi umeme, akasimama mama mwenye duka la dawa. Kisha Yasini, ambaye siku hizi ananunua alizeti vijijini na kuzipeleka kwenye mashine za mafuta, akasema haiwezekani tukaondoka bila Dada Zaituni kusema. Nikasimama na aproni yangu. Nikasema asanteni kwa kula vizuri, nikakaa. Watu walicheka kwa upole, na Mwalimu akanitazama kama alivyokuwa akinitazama miaka ile, bila kunihurumia. Nilichokuwa nacho moyoni kilikuwa kirefu kuliko nafasi niliyopewa. Nimekiandika hapa kwa wiki tatu, siku nyingine ukurasa, siku nyingine mistari mitano, maana niliishia darasa la saba na mkono wangu hauna haraka.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Nianze na mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikapata kazi ya upishi katika shule ya sekondari yenye bweni, kwenye barabara iendayo Mgori. Jiko lilikuwa chumba kirefu cha matofali ya kuchoma, kuta zake nyeusi kwa masizi hata ukiegemea unabeba ukuta mgongoni. Kulikuwa na mafiga matatu makubwa ya kujengewa, mapipa mawili ya maji, na dirisha moja lisilo na kioo lililotazamana na dirisha la ofisi ya walimu. Kwa hiyo moshi wetu uliingia kwao na maneno yao yaliingia kwetu. Mpishi mkubwa alikuwa Mama Paulo, mwanamke mnene mwenye mikono ya kugeuza ugali wa watu mia moja na themanini bila kuhema. Yeye aliongea kwa niaba yetu wawili. Mwanafunzi akija dirishani kuuliza kama maji ya moto yapo, mimi nilimtazama Mama Paulo, naye alijibu. Wiki ya pili aliniambia kwamba amepata sufuria nyingi maishani mwake zinazopiga kelele kuliko mimi.

Mtu wa tatu katika kazi yetu alikuwa Mzee Ntandu, mtunza stoo. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, na alikuwa ameshika funguo za stoo ile kwa miaka sita. Shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza, kila mzazi alileta debe tano za mahindi kwa ajili ya chakula cha mwanawe cha mwaka mzima. Mzee alisimama mlangoni akiwa na kijiti kilichonyooka. Kila debe lililojazwa alilipitishia kijiti juu ya mdomo, punje zilizozidi zikarudi kwenye gunia la mzazi, ndipo akahesabu. Hakuna aliyelalamika. Huyu alipimiwa sawasawa na yule, na haki ilionekana kwa macho.

Kutoa kulikuwa kazi yangu. Kila asubuhi saa kumi na mbili Mzee alifungua stoo, akakaa kwenye kigoda na daftari lake, mimi nikapima debe tano, akaandika tano, na mahindi yakapelekwa mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Wakati wa kupima nilichota, nikamimina, nikatikisa debe kidogo, nikaongeza mpaka punje zikasimama juu ya mdomo kama kichuguu na moja mbili zikaanza kuteremka pembeni. Kichuguu hicho watu wa kwetu wanakiita kilemba. Wanawake walionilea walipimiana kwa kijiti wao kwa wao, wakubwa kwa wakubwa, lakini kilichokwenda chunguni kwa ajili ya watoto hawakukipitishia kitu. Kusawazisha chakula cha mtoto kulikuwa sawa na kumwambia kwamba umeona amekula mno. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Mikono yangu ilikuja nalo kazini kama ilivyokuja na vidole.

Mwalimu Yunisi alifundisha hisabati kidato cha nne. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya raba na mkoba wa plastiki uliojaa kamba, futi ya fundi nguo na chupa tupu. Somo lake ndilo lililoogopwa kuliko yote. Nilisikia wavulana wakisema nyuma ya jiko kwamba kwenye mtihani wa hisabati wao wataandika jina na namba, kisha walale. Yeye alikuwa amewasikia pia. Kwa hiyo tangu mwezi wa pili alianza jambo jipya. Kila Alhamisi mchana, kipindi cha mwisho, hakuingia darasani. Aliwatoa nje wakapime rundo la kuni, wakadirie maji yaliyobaki kwenye tangi kwa kugonga ubavu wake, wahesabu matofali ya ukuta bila kuyahesabu moja moja. Alhamisi ya tatu aliwaleta jikoni.

Walijazana mlangoni na madaftari yao, nami nikarudi nyuma mpaka nikagusa pipa. Mwalimu aliwauliza: ugali wa watu wanne nyumbani unataka maji kiasi gani? Yasini, mvulana wa mjini ambaye mama yake aliuza nafaka sokoni Singida, alijibu haraka, akazidisha palepale mpaka akafika watu mia moja na themanini, akataja lita zake kwa kujiamini. Mama Paulo aliacha kukoroga. Akamwambia, “Mwanangu, huo ugali wako tutaunywa kwa vikombe.” Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka wala hakumsahihisha. Alinigeukia mimi, si Mama Paulo, akauliza ninajuaje kwamba maji yametosha. Nilitazama chini. Nilijua jibu vizuri sana. Nilijua kwamba sufuria dogo linakausha upesi kwa sababu uso wake ni mpana kwa maji machache, na kwamba lile kubwa linatunza maji yake, kwa hiyo huwezi kuyapeleka sawasawa na idadi ya watu. Mwalimu akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, “Sema na sufuria. Na wao watasikia.”

Nikageukia sufuria, nikawapa mgongo watu arobaini, nikaliambia sufuria yote. Niliposema mambo ya uso na kina nilisikia kalamu zikiandika. Kisha Mwalimu akawaamuru wachemshe maji kwenye sufuria dogo na kubwa kwa muda uleule na wapime kilichopotea, na walipopima wakakuta ni kama nilivyosema. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimefungua mgahawa wangu, nimejenga, nimezaa. Sijawahi kusikia sauti iliyonipa heshima kama ile ya kalamu za kidato cha nne nyuma ya mgongo wangu.

Baada ya hapo Alhamisi ikawa siku yangu. Nilimaliza vyombo mapema, nikakaa kwenye kizingiti cha jiko na beseni la maharage ya kuchambua, na popote alipowapeleka nilijitahidi kuona. Niliwaona wakipima kivuli cha mlingoti wa bendera na kivuli cha rula, wakapata urefu wa mlingoti bila mtu kupanda. Niliwaona wakibishana juu ya shimo la takataka. Kupitia dirisha lile lisilo na kioo nilisikia pia yaliyosemwa ofisini. Mwalimu mmoja alimuuliza kama mtihani wa taifa mwaka huu utakuwa na swali la ugali. Mwingine akasema watoto wanachezeshwa wakati wenzao wa mjini wanakariri. Mwalimu Yunisi alikuwa akisahihisha madaftari, nilisikia karatasi zikigeuzwa. Akajibu kwamba swali la ugali likija, wake watapata. Karatasi zikaendelea kugeuzwa. Mama Paulo alinikonyeza, akasema yule mama hata ukimtupia jiwe atakuuliza lina uzito gani.

Mwezi wa nane Mkuu wa shule alitaka kujua kama chakula kitafika mwezi wa kumi na moja, wakati wa mtihani. Jumatatu moja akaingia stoo na walimu wawili wakahesabu magunia. Kufuatana na daftari, tulikuwa tumekula siku mia moja na ishirini na sita, debe tano kila siku, na yalipaswa kubaki magunia arobaini na tano. Walikuta thelathini na nane. Wakahesabu tena. Thelathini na nane. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na debe mkononi nikisubiri kupima, kwa hiyo niliona Mkuu alivyonyoosha mkono bila kusema, na Mzee Ntandu alivyotoa funguo kwenye kamba ya suruali, akazifuta kwa kofia yake, akampa. Kamati ya wazazi ingekutana Jumamosi. Mpaka hapo Mzee asiingie stoo. Kama hatakuwa na maelezo, kazi ingekwisha, na jina lake lingepelekwa polisi kituo cha kata.

Kufikia jioni shule nzima ilijua. Mtu alichora gunia lenye miguu na kofia ya sufu kwenye ukuta wa choo cha wavulana. Kesho yake asubuhi nilidhani Mzee hatakuja, lakini saa kumi na mbili kasoro alikuwa amefika, akakaa juu ya jiwe karibu na mashine ya kusaga, ng'ambo ya barabara, akiwa amevaa kama mtu aliye kazini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, binti, akaniuliza kama kuni zimeletwa. Siku zote nne, mpaka Ijumaa, alikaa pale. Waliopita na baiskeli walimsalimia au walitazama upande mwingine, na wote aliwaitikia sawa. Nilimpelekea uji. Mama Paulo, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliniambia tu niongeze sukari.

Alhamisi Mwalimu Yunisi aliwakusanya wanafunzi wake mbele ya stoo. Aliandika kwenye ubao wa kubeba: Magunia saba yamekwenda wapi? Mvulana wa nyuma akasema yameibwa, Madamu. Mwalimu akasema, “Hilo ni jibu. Nataka hesabu yake.” Akawagawa makundi. Kundi moja lichunguze mwizi: gunia moja lina uzito gani, baiskeli inabeba mangapi, geti linafunguliwa mara ngapi, ingekuwa safari ngapi mbele ya macho ya watu wangapi. Kundi la pili lichunguze panya. Kundi la tatu lichunguze kukauka, kwamba mahindi ya mwezi wa kwanza yana maji na ya mwezi wa nane hayana. La nne, la Yasini, lichunguze kipimo. Nilikuwa kizingitini na maharage yangu, na nilifurahi. Niliona jinsi alivyofanya. Hakusema Mzee ni mwema. Alikataa tu jibu lisilo na kazi ndani yake.

Panya hawakufika hata gunia moja. Kukauka kulikuwa kumepunguza uzito lakini debe halikupungua kiasi hicho. Mwizi alihitaji safari saba, na mlinzi wa geti aliapa kwa watoto wake. Ijumaa alfajiri kundi la Yasini likaja stoo kuangalia ninavyopima, mwalimu wa zamu akiwa ameshika funguo. Nilipima kama siku zote, na kwa sababu nilikuwa natazamwa nilipima vizuri zaidi, kilemba kikasimama safi. Yasini akaanza kucheka. Akaniuliza, “Dada, hivi ndivyo unavyopima siku zote?” Nikamwambia ndiyo, kwa kujivuna, maana nilidhani ananisifu. Akasema mama yake akimpimia mteja hivyo, wao nyumbani watalala njaa. Kisha kicheko kikamwisha. Alimtazama mwenzake, wakatoa rula.

Mdomo wa debe ulikuwa sentimita ishirini na nne kila upande, kina chake thelathini na tano. Kilemba kilisimama sentimita saba. Yasini alichuchumaa chini, akaandika kwenye vumbi kwa kidole kabla ya kuandika daftarini. Aliwaeleza wenzake kwamba kilemba ni piramidi, na piramidi ukiilaza iwe bapa juu ya mdomo uleule inashuka mpaka theluthi ya kimo chake. Saba inakuwa mbili na theluthi. Na mbili na theluthi ndani ya thelathini na tano inaingia mara kumi na tano. Kila nilipopima debe kumi na tano, nilikuwa nimetoa kumi na sita. Siku mia moja na ishirini na sita, debe tano kwa siku. Walipogawanya wakapata debe arobaini na mbili. Gunia ni debe sita. Mimi sikuwahi kusoma piramidi, lakini sita kwa saba nilisoma darasa la tatu, na nililijua jibu kabla Yasini hajaliandika.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya kuni. Nilifikiria kukusanya nguo zangu. Zilikuwa chache, ningeweza kufika mjini kabla ya chakula cha mchana kuhitajika. Kilichonitia uchungu si kwamba nilikosea tu. Ni kwamba kila asubuhi kwa miezi yote ile nilimwaga jina la Mzee kidogo kidogo juu ya mdomo wa debe, kwa moyo mweupe, huku yeye amekaa mbele yangu na daftari.

Mchana Mwalimu alikuja jikoni, akapindua ndoo, akaikalia, akaanza kuchambua maharage upande wa pili wa beseni langu. Alichambua polepole kuliko mimi na aliacha mawe. Akaniambia kwamba kesho angeweza kuieleza kamati habari ya kilemba bila kutaja mkono wa mtu. Angesema jikoni kulikuwa na kosa la kipimo, basi. Nikamuuliza kama wataamini. Akafikiri. Akasema, “Baadhi. Ni wakulima, wamejaza debe maisha yao yote. Ukiwaambia kilemba ni magunia saba watasema ni hesabu ya ubaoni. Wangeona kwa macho wangeamini wote.” Nilingoja aniombe, maana angeniomba ningeweza kukataa, lakini aliendelea kuacha mawe kwenye maharage mpaka kengele ikalia, akaondoka kwenda darasani.

Jumamosi kamati iliketi kwenye bwalo, watu saba kwenye benchi moja, Mkuu pembeni, Mzee Ntandu kwenye kiti peke yake akiwa amevua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona kichwa kitupu. Mwenyekiti alikuwa mfugaji mzito wa maneno, mwenye fimbo na koti kubwa. Yasini alieleza mbele ya ubao, akachora piramidi, na alieleza vizuri, lakini niliona nyuso za wale watu zikijifunga. Alipomaliza, Mwenyekiti aliuliza kama shule inataka kuwaambia kwamba punje za juu ya debe, ambazo kuku mmoja anazimaliza, ndizo magunia saba. Mtu mmoja akacheka. Mkuu akakunja karatasi zake. Mwalimu Yunisi alikuwa amesimama ukutani, hakunitazama hata kidogo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Nilikuwa mlangoni na birika la chai. Nililiweka chini. Nikaenda stoo na mwalimu wa zamu, tukaburuta gunia mpaka bwaloni, nikaleta debe langu na debe jingine tupu. Nikapima kama ninavyopima, kilemba kikasimama. Mwalimu akampa Yasini rula ndefu ya ubaoni, naye akakisukuma kilemba kikaanguka ndani ya debe tupu. Kwenye sakafu ya bati ya debe lile kilikuwa kidogo, aibu kukitazama. Nikarudisha mahindi ya debe langu kwenye gunia, nikapima tena. Mara ya tatu watu walikuwa wanaongea wao kwa wao. Mara ya sita waliinama mbele kutazama. Mara ya tisa Mwenyekiti alisimama akaja kutazama ndani, akarudi, hakukaa. Jasho lilinitoka, lakini mikono ilijenga kilemba kilekile. Mara ya kumi na tano debe lilikuwa limejaa, limepungua vidole viwili tu kufika mdomoni. Mwalimu Yunisi ndipo akaongea. Alisema karatasi ilitoa debe moja, na mikono imetoa debe moja kasoro vidole viwili, na wajumbe wachague wanayoitaka kati ya hesabu hizo mbili, maana hakuna hata moja yenye mwizi.

Mkuu akaniuliza nani aliniagiza kupima vile. Nikamwambia hakuna. Nikasema ni mimi, siku zote ni mimi, na kwamba sisi chakula cha watoto hatukipitishii kijiti. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mbele ya watu, na niliisema nikiwa nimewageukia. Mkuu alifungua mdomo kunijibu, lakini Mzee Ntandu akanyanyuka kitini. Akasema, “Nilimwona. Kila asubuhi nilimwona.”

Mwenyekiti akamuuliza kwa nini basi amekaa juu ya jiwe siku nne jina lake likichorwa chooni, na maelezo anayo. Mzee aligeuza kofia yake mikononi. Alisema alijua mahindi yanakwenda huko lakini alidhani ni gunia moja, au mawili, na magunia mawili hayamwokoi mtu aliyepoteza saba. “Halafu ningesema nini? Mimi nimekaa na funguo miaka sita. Huyu binti ana miezi. Mkimfukuza huyu, anaanzia wapi?” Akakaa. Kule nyuma Mama Paulo, ambaye hakualikwa, alipenga kamasi kwa sauti kubwa.

Mpaka leo nikikutana na mtu anayejua sana hesabu namtazama kwa heshima, lakini huwa nawaza pia juu ya mtu yule aliyekuwa tayari kubeba magunia saba kichwani kwa sababu hakuweza kuyagawanya. Moyo wake ulikuwa umemaliza hesabu yake mapema, nayo haikumfaa kitu mpaka wanafunzi wa kidato cha nne walipomletea namba. Mwalimu Yunisi aliwahi kuniambia, miaka baadaye, kwamba ndiyo sababu alifundisha. Alisema watu wema wengi sana wanashindwa kujitetea kwa kukosa tarakimu.

Kamati ilimrudishia Mzee funguo palepale. Mimi sikufukuzwa. Yasini na wenzake walipewa swali jingine: kilichobaki, tukisawazisha debe tano kila siku, kitapungukiwa siku nane kabla ya mtihani kwisha, wafanyeje? Wakaleta jibu kabla ya chai kupoa, kwamba kila mzazi akiongeza robo debe tu, itatosha na kubaki kidogo. Mwenyekiti aliwauliza mara mbili kama ni robo kweli, maana alikuwa amejiandaa kusikia gunia. Akasema robo hata yeye ataileta kesho kwa baiskeli. Mkuu naye, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliwatuma wavulana wapake chokaa ukuta wa choo, na alisimama pale mpaka wakamaliza.

Jumatatu saa kumi na mbili Mzee alifungua stoo, akakaa kwenye kigoda. Kile kijiti cha mwezi wa kwanza alikuwa amekiweka juu ya gunia. Nilijaza debe, kilemba kikasimama, nikashika kijiti, nikashindwa. Nilimtazama Mzee anisaidie. Alikuwa anatazama daftari. Nikakipitisha. Punje zikarudi kwenye gunia, na debe likabaki bapa, la haki, la kikatili. Nikafanya hivyo mara tano. Kisha Mzee akanigeuzia daftari, akasema kuanzia leo tunasaini wawili. Niliandika jina langu lote, Zaituni, herufi moja baada ya nyingine, naye hakunihimiza, ingawa mtu wa mashine alikuwa amesimama mlangoni akigonga saa yake.

Mchana ule nilikuwa dirishani nikigawa ugali. Mwalimu alikuwa amewaeleza wanafunzi mstarini kwamba aliyezoea kula matonge kumi na sita sasa atakula kumi na tano, na bwalo zima lilikuwa limeingia na mzaha huo, wengine wakihesabu matonge kwa sauti hata kabla ya kukaa. Niliinamisha kichwa, nikagawa nikitazama sahani tu, kila sahani nikiona kilichokosekana juu yake. Mbele yangu ikasimama sahani isiyosogea. Nikainua macho. Alikuwa Yasini.

“Dada,” akasema, “tonge langu la leo liko stoo. Nitalikuta mwezi wa kumi na moja.”

Hakuwa anatania, au alikuwa anatania na kusema kweli kwa pamoja, kama watoto wa sokoni wanavyoweza. Nikamwambia kwa sauti, bila kumtazama Mama Paulo, asogeze sahani yake mbele, wenzake wana njaa, na kelele za matonge zikome. Nyuma yangu Mama Paulo aliacha mwiko. Foleni ilikuwa imefika mpaka nje ya mlango wa bwalo, na niliona wa mwisho kabisa, msichana wa kidato cha kwanza, akinyoosha shingo kutazama ni nani aliyesema.